Faksi ya Theluji

"Theluji inaweza kufunga barabara kwenye kisiwa kinacholima ndizi?"

Baba aliniuliza hivyo akiwa kitandani, nyumbani kwetu Makole, mwezi mmoja baada ya madaktari kutuambia tumrudishe nyumbani. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka huohuo, sina kazi, na neno "sijui" lilikuwa linanishinda kutamka.

Swali lilitokana na faksi. Kaka yangu, mzaliwa wa kwanza, alikuwa fundi umeme katika kituo cha kutazamia nyota, kileleni mwa mlima, kwenye kisiwa kilicho mkabala na Sahara. Tulimpigia simu: njoo, baba anataka akuwekee mkono kichwani, akupe radhi, kabla hajaondoka. Siku ya nne nikaenda posta kuchukua karatasi yake: "Theluji nyingi. Barabara ya kushuka imefungwa. Nakuja. Baba anisubiri."

"Anisubiri!" alisema shangazi, aliyetoka Mlali kuja kumuuguza kaka yake. "Kana kwamba baba yake ni basi."

Baba hakucheka. Alikuwa mpima mvua maisha yake yote ya kazi, mpaka ilipokuja miaka ya ruksa na watu wakapunguzwa. Kila siku saa tatu asubuhi alikwenda kwenye kipimamvua, hata katikati ya kiangazi, wakati mbuzi wenyewe wanajua hakuna kitu, akainama, akatazama, akaandika sifuri. Wenzake waliandika sifuri za wiki nzima wakiwa wamekaa kivulini. Yeye hapana. Na kwa kuwa kule kisiwani hakuweza kwenda kuinama na kutazama, alimuuliza msomi wake.

Nilileta atlasi yangu ya shule. Kisiwa kilikuwa nukta ya kijani baharini.

"Tazama, baba. Sahara hii hapa. Na ile kadi ya Krismasi aliyotutumia kaka ina watu wanaogelea, na migomba nyuma yao."

"Na Kilimanjaro?"

"Kilimanjaro ni Kilimanjaro. Hata Kondoa kuna milima, umewahi kuona theluji?"

"Kwa hiyo haiwezekani."

"Haiwezekani, baba."

Nilifurahi. Lazima niliandike hilo. Miaka ile kila aliyekwenda nje alikuwa na kisingizio, na nilijiona nimekinasa kimoja. Mama aliuliza taratibu, "Mwanangu, wewe umefika huko?" Nikamjibu kwamba si lazima mtu afike.

Baba aligeukia ukutani. Alikaa hivyo mpaka jua likahama dirishani, kisha akamwita shangazi asikie. "Huyu mtoto akija, mwambieni sina radhi naye."

Shangazi alimshika miguu. "Kaka, lifute hilo neno."

Hakulifuta. Alikufa siku ya tatu, asubuhi.

Kaka alifika siku tano baada ya mazishi. Alikaa kwenye mkeka wa msiba na viatu miguuni, kamba zimefungwa, na shangazi hakuvumilia. "Huko kwenu kwenye nyota mnakanyaga mikeka ya wafiwa?"

"Nisamehe, shangazi," alisema, lakini hakuvivua.

Hapo shangazi akampa neno la baba, mbele ya wote. Alilisikiliza lote, akauliza kitu kimoja tu: kwa nini? Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Nikatazama mkeka.

"Ni ugonjwa, mwanangu," alisema mama. "Ni ugonjwa uliosema."

Kaka aliondoka kabla ya arobaini, na hakurudi tena. Kanisa niliacha muda mrefu uliopita, lakini kuliacha hakukunisaidia. Watu hudhani asiyeamini hana cha kumtisha. Mimi naogopa neno ambalo siliamini, nililolisababisha mwenyewe, na mtu pekee aliyeweza kulifuta tumemzika.

Mke wa kaka ndiye aliyenieleza, miaka mingi baadaye, bila kujua nilichokifanya: alipotuma ile faksi kaka hakungoja barabara ifunguliwe, alishuka mlima kwa miguu kwenye theluji, na vidole vitatu vya mguu wake wa kushoto, vilivyokufa kwa baridi siku ile, vilikatwa aliporudi kutoka kwetu.