Siku Niliyovua Kanzu Mbele ya Wakwe

Aibu hii nikiisimulia bado masikio yanawaka moto, lakini afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko watu wa hapa kwetu Nyanga, maana wameshaitia chumvi mpaka imekuwa chungu.

Watu wa Muleba walikuwa wanakuja kumposa binti yangu Koku, na barazani kwetu, juu kabisa ya viti vya wageni, nyigu walikuwa wamejenga kile kiota chao cha kama karatasi. Mke wangu akasema, "Baba Koku, wachome moto yaishe." Nikakataa (mjuaji!), eti moshi utaharibu rangi mpya. Niliwahi kuona siafu kibanjani, kwenye shamba letu la migomba na kahawa, wakivamia kiota cha nyigu kwenye mbuni, wakala mabuu yote, nyigu wakahama. Basi asubuhi hiyo, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha na siafu wanapita nyuma ya jiko, nikadondosha dagaa kutoka pale mpaka kwenye nguzo ya baraza, nikaenda kuvaa kanzu huku najisifu moyoni.

Siafu walikuja kweli. Ila na wageni walikuja, mapema kuliko tulivyokubaliana, na mshenga ndiyo kwanza ameinuka anasema kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, tumeona ua zuri humu ndani," nyigu wakashuka wote kwa pamoja, mmoja akamchoma mdomo, mdomo ule ule wa kuposea. Watu wakatawanyika migombani. Mimi nikabaki nimesimama nawatuliza, "Wakwe zangu, rudini, ni wadudu tu," kumbe nimekanyaga msafara wa siafu, wameshapita magoti, wameshapita mapaja, na huko juu... jamani! Nilivua kanzu. Sikufikiri, nilivua tu, nikawa narukaruka na bukta iliyotoboka matakoni, mama wa kijana kajifunika uso kwa khanga, na Koku kasimama mlangoni na kisahani cha kahawa za kutafuna, za kuwakaribishia wageni.

Baba wa kijana hakucheka. Ningefurahi angecheka. Alisema taratibu, "Tutarudi siku nyingine, waitu," wakapanda gari lao.

Hawakurudi. Kijana ameoa kwingine, na Koku akahama nyumbani, akaenda kuishi Kibeta.

Ujuaji nimeuacha, mke wangu akisema choma, nachoma. Lakini Koku akipiga simu nikapokea mimi, huuliza tu, "Mama yupo?" Nami humpelekea mama yake simu jikoni, kisha natoka nje nisisikie wanavyocheka.