Serikali ya Sebuleni Kwangu

Baba mkwe alifia Louisville, na ukoo wake mkubwa uko Buffalo. Mimi na mume wangu tulikuwa Columbus, katikati ya njia. Kwa hiyo kikao cha kilio kikaangukia sebule yetu ya wanafunzi, yenye kochi moja na ukuta uliojaa karatasi za utafiti wangu.

Utafiti wenyewe ulihusu serikali moja ya mwanzo ya Indonesia, ya wakati Waholanzi walipokuwa mlangoni na bunduki. Ili kila chama kiridhike, vyeo viligawanywa kama nyama ya sherehe: waziri wa chama hiki, naibu wake wa chama kile, na mwingine waziri asiye na wizara. Haikudumu. Nilikuwa nimeichora yote kwa kalamu za rangi.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu, alikuwa amefika kutoka Cheektowaga, kando ya Buffalo, na msafara wa magari. Alisimama mbele ya ukuta ule.

"Hii ni comité ya nani?"

Nikamweleza.

"Na iliangukaka juu ya nini?"

"Chama kikubwa kilijitoa. Hakikutaka mkataba na Waholanzi."

"Bon. Hawakukipa viti vya kutosha."

Mimi ni Mkenya, na kwetu hatuendi popote bila kamati, lakini wakwe zangu Wakongomani walinishinda. Shemeji, mtoto wa kwanza wa marehemu, anayefanya kazi kiwandani Jeffersontown, kando ya Louisville, akawa président. Baba mdogo akawa vice-président. Kila mpishi akapewa msaidizi kutoka mji ule mwingine, wa kumchunga. Waliobaki wakaitwa conseillers, washauri wasio na kazi. Ningecheka, ila niliogopa. Mwili ulikuwa bado mochari Louisville, na hakuna aliyekuwa amethubutu kutaja atazikwa wapi.

Shemeji akataja. Louisville, makaburi ya karibu na nyumba ya wazazi wake.

"Hapana," Baba mdogo akasema. "Yaya yangu, huyu mukubwa wangu, alianzishaka kanisa Buffalo. Wafu wetu wote wako kule. Donc, atalala pamoja nao."

"Mimi ndiye muzaliwa wa kwanza."

"Na mimi tulinyonya naye ziwa moja!"

Akachukua ufunguo wa gari mezani. Watu wa Buffalo wakainuka wote, wapishi na conseillers wao. Chai haijapoa, serikali imeanguka. Mume wangu aliwazibia njia mlangoni. Wangetoka vile, tungezika bila wao, na watoto wetu wangekua bila kujuana. Nilimchukia kila mwanamume mle ndani, wangu akiwemo.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye godoro sakafuni, kama desturi yao inavyomtaka mjane. Tangu aingie, hakuna aliyemwuliza neno.

"Mu ile comité," akasema, "mimi mulinipa kazi gani?"

Baba mdogo akarudi kutoka mlangoni, akachuchumaa mbele ya godoro, ufunguo bado mkononi.

"Mama, unapenda tumulalishe wapi?"

"Mimi sijue kuendesha gari," akasema. "Mumulalishe pale nitaweza fika na miguu."

Hapo mume wangu akaacha mlango, akakaa chini, akalia kwa mara ya kwanza tangu babake afe.