Trela ya Farasi Niliyotaka Iwe Nyumba

Kuna Jumamosi moja ya miaka ya tisini ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikiikumbuka napumua kama mtu aliyetua gunia. Nilikuwa nimesimama kwenye shamba moja la kahawa nje kidogo ya Ruiru, nimevaa koti la kuazima, nikingojea wanawake wa upande wa mchumba wangu waje kuona nyumba yangu. Na nyumba yenyewe ilikuwa na magurudumu.

Usicheke kwanza. Ngoja nikueleze nilifikaje hapo.

Mimi shule niliifikisha darasa la tano, na hilo silifichi, kwa sababu wengi walionipita darasani leo huniita mzee wakitaka kazi. Niliacha vitabu nikaingia mabanda ya farasi. Siku hizo mashamba ya Ruiru yalikuwa bado na matajiri wenye farasi wa mashindano, na mimi nikawa saisi, yaani mtu wa kulisha farasi, kumsugua na kumtembeza. Nilikuwa saisi mzuri. Farasi aliyewatupa wenzangu chini alikuwa ananifuata mimi kama mbuzi. Kutoka usaisi nikajifunza kuendesha gari, na kutoka udereva nikanunua pikapu yangu mwenyewe, ya dizeli, yenye nguvu ya kuvuta mzigo. Nionyeshe kijana mwingine wa darasa la tano aliyefanya hivyo kabla ndevu hazijajaa.

Kilichobaki ilikuwa trela. Wenye farasi walishaniambia nikipata trela watanipa kazi ya kupeleka wanyama wao Naivasha, Nakuru, popote penye maonyesho. Safari hizo si za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Farasi analala huko, na mtu wake lazima alale karibu naye. Kwa hivyo trela inayofaa ni ile ya sehemu mbili: nyuma wanakaa farasi, mbele kuna chumba cha mtu kulala na kuchemsha chai.

Nilikuwa na mbili za kuchagua. Moja ilikuwa Thika, kule Eneo la Viwanda, imeundwa na fundi aliyezoea bodi za lori. Ilikuwa mpya lakini mbaya kwa sura. Rangi ya kijivu kama tangi la maji, na chumbani kitanda cha mbao na msumari wa kutundika koti, basi. Nyingine ndiyo hiyo ya Ruiru. Tajiri wake alikuwa anahama nchi, na aliyekuwa anamuuzia ni broka mmoja, Njuguna, mtu wa kucheka sana na kusimama karibu na wewe kupita kiasi.

Hiyo ya Ruiru, mwanangu, ilikuwa na pazia. Ilikuwa na sinki, jiko la gesi, kabati zinazofungwa kwa kifungo cha shaba, na kitanda cha godoro nene. Nililala pale na viatu vyangu nikaangalia dari. Njuguna akaniuliza kupitia dirishani, "Bosi, unaonaje?" Hakuna mtu alikuwa ameniita bosi kabla ya siku hiyo.

Pale pale godoroni nikapata wazo. Nilikuwa nakaa chumba kimoja Kahawa Wendani, katikati ya wanafunzi wa chuo wenye redio za kelele, na nilikuwa karibu kuoa. Nikajiuliza, kwa nini nilipie nyumba halafu nilipie trela? Hapa kuna nyumba na kazi kwa pamoja. Nitaoa, na bibi yangu atakaa humu, tukisafiri tunasafiri na kwetu. Nilijiona mwerevu kuliko watu wote wa barabara ya Thika.

Mchumba wangu aliitwa Wanjiru, na ndiye mama watoto mpaka leo. Alikuwa anafanya kazi kiwanda cha nguo Thika na kukaa kwao Witeithie. Nilipomweleza hayo mambo ya pazia na sinki, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kitu kimoja.

"Na huko nyuma umeangalia?"

"Nyuma ni kwa farasi," nikamjibu, kama mtu aliyemaliza maneno.

Wakati huo mazungumzo ya mahari yalikuwa yameisha, na kilichobaki ilikuwa itara. Kwetu Wakikuyu, itara ni ile dari ya fito juu ya meko, pale kuni hukaushiwa, na ndilo jina la siku wanawake wa upande wa msichana wanapokuja kuona pale binti yao ataishi. Hawaji mikono mitupu. Wanakuja na kuni mgongoni, na hizo kuni lazima zitue ndani ya nyumba na zibaki hapo. Wakitoka wameridhika, umeoa. Wakitoka wamenyamaza, hata mahari yote ya baba yako haitakusaidia.

Basi nikamwomba Njuguna anikubalie niwapokee wageni kwenye ile trela kabla sijailipia. Alikubali haraka mno. Hilo pia lingenifungua macho, lakini macho yangu yalikuwa kwenye pazia. Alinunua hata mikeka mipya ya raba akaitandika kule nyuma kwa farasi, nyeusi inang'aa, akasema ni zawadi yake ya arusi.

Wakaja. Walishukia barabarani, wakaingia shambani kwa mstari wakiimba, kila mmoja na mzigo wa kuni mgongoni umeshikwa na ukanda uliopita kwenye paji la uso. Mbele yao alikuwa nyanya yake Wanjiru, ambaye sote tulimwita Shosho. Alikuwa mfupi, na mzigo wake ndio ulikuwa mkubwa kuliko yote. Mama mkwe alikuwa nyuma kabisa, na kwa heshima ya desturi hakuniangalia usoni, wala mimi sikumwangalia.

Shosho alifika mbele ya trela akasimama. Wimbo ukaisha.

"Mume wangu," akaniita, maana nyanya zetu hutania hivyo na waume wa wajukuu wao, "nyumba iko wapi?"

"Ndiyo hii, Shosho."

Akaizunguka yote na mzigo wake mgongoni. Akasukuma gurudumu kwa mguu.

"Nikija kukutembelea mwezi ujao nitaikuta hapa, ama itakuwa imeenda Nakuru?"

Wanawake wakacheka. Nikacheka pia, ingawa koti la watu lilianza kunibana kwapani. Nikawafungulia mlango wa chumbani, wakachungulia mmoja mmoja. Mmoja akagusa pazia akasema ni kitambaa kizuri. Mwingine akafungua bomba la sinki, likakohoa, halikutoa maji. Njuguna akaruka kusema maji yanawekwa baadaye.

"Na mkikosana," Shosho akauliza, "nani atalala kwa farasi?"

"Mimi, Shosho."

"Hapo umesema vizuri. Sasa nionyeshe itara nitue. Mgongo wangu si wa leo."

"Shosho, humu tunapikia gesi."

"Sikukuuliza mnapikia nini. Nimekuuliza nitue wapi."

Nikaangalia ndani. Hapakuwa na nafasi ya kuweka hata kikapu. Kitanda, sinki, kabati, na mahali pa kusimama mtu mmoja akivaa suruali. Na kuni haziwezi kubaki nje, wala kurudi zilikotoka. Ukiona kuni za itara zimerudi, ujue na msichana amerudi. Wanjiru alikuwa amesimama kando ya mama yake, ananiangalia.

Shosho hakunisubiri. Alienda nyuma ya trela, pale mlango mkubwa hushushwa ukawa daraja la kupandisha farasi. Akapanda mpaka mwisho wa daraja, akageuka akaipa trela mgongo, akauinua ukanda kwenye paji la uso, akaachilia mzigo uanguke ndani juu ya mikeka mipya ya Njuguna.

Haukulia kama kuni zinazoanguka sakafuni. Ulilia kama mtu aliyekanyaga kikapu. Gogo moja nene la muwati, mti mgumu wa kuni, lilitoboa mkeka na sakafu, likapita, na ncha yake ikaonekana chini ya trela, imechomeka nyasini.

Njuguna ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema.

"Ni mbao moja tu, mama. Fundi anabadilisha leo leo."

"Toa mkeka," Shosho akamwambia.

"Mama, hiyo ni zawadi ya—"

"Toa."

Niliutoa mimi. Chini yake sakafu yote ilikuwa nyeusi. Mkojo wa farasi wa miaka mingi ulikuwa umekula zile mbao, na mtu akapaka rangi juu. Nilibonyeza kwa kidole, kidole kikaingia kama kwenye kiazi cha nduma kilichoiva.

Na mimi ni saisi, mwanangu. Najua farasi ana uzito gani. Wiki iliyofuata nilikuwa nimeahidi kupeleka farasi jike wa kijivu Nakuru, mnyama mpole niliyemlea tangu akinyonya. Pale pale nikamwona kichwani mwangu: tuko barabarani, gari liko kasi, mbao inaachia, na mguu wake unapita chini kwenye lami, na mimi niko mbele nimewasha redio, sina habari. Na Wanjiru labda amekaa karibu yangu. Nikaketi kwenye daraja mbele ya wakwe zangu.

Shosho akaja akaketi karibu nami, akipangusa paji la uso.

"Wewe ulichagua kwa mgongo wako," akasema, pole pole, wengine wasisikie. "Ulilala kitandani ukaona ni pazuri. Huyo farasi anayekulisha, ulimjaribishia wapi?"

Kisha mama mkwe akasema. Hakusema na mimi. Alimgeukia binti yake, lakini kwa sauti ya kunifikia.

"Mwambie huyu Kimani wako hatukuja kuona pazia. Tulikuja kuona kama utakuwa salama. Na tumeona."

Nikajua nimeachwa. Nakuambia kweli, nilianza hata kufungua vifungo vya lile koti.

"Mwambie," akaendelea, "atafute chumba chenye sakafu ya simiti, hata kama ni kimoja. Tutarudi. Na hizo kuni abaki nazo, hatuzirudishi."

Sijui kama umewahi kutolewa mkono kwenye mlango uliokuwa unafungwa. Ndivyo nilivyosikia. Wanjiru akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyekuwa ameshika pumzi, na wanawake wote wakacheka, na Shosho akamwambia Njuguna alete chai kwa sababu yeye ndiye mwenye nyumba.

Jioni hiyo nilipakia kuni kwenye pikapu nikazipeleka Wendani. Zilijaa chini ya kitanda na juu ya meza. Mwanafunzi wa chumba cha jirani akachungulia. "Niaje buda, unafungua depo ya kuni?" Nikamwambia ndiyo, na aende akasome.

Jumatatu nilienda Thika na zile kuni. Fundi aliniona nikipanda trela yake ya kijivu nikibwaga magogo sakafuni kwa nguvu zangu zote, nikiyaokota, nikibwaga tena.

"Wewe, unataka kuvunja trela yangu?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Ikikataa, nainunua."

Ilikataa. Nikaingia chini nikagonga kila mbao. Nikaifunga kwenye pikapu, tukaenda na fundi mpaka Ruiru nione gari langu linaivuta bila kuinua pua. Mwisho nikamleta yule farasi wa kijivu. Alinusa mlango, akapanda, akageuza masikio, akatulia. Nikamshusha, nikampandisha tena. Alipoanza kutafuna majani yake humo ndani, nilijua trela imechaguliwa na mwenyewe.

Nimelala kwenye kile kitanda cha mbao miaka mingi, koti langu kwenye ule msumari, nikisikia kwato zikisogea nyuma ya ukuta. Kazi ya trela hiyo mbaya ilinijengea nyumba ya mawe Ruiru, na leo nina trela kadhaa na madereva wenye shahada. Kabla ya hayo yote nilipanga chumba chenye sakafu ya simiti, na wanawake walirudi kama walivyoahidi. Shosho aliingia wa kwanza, akapiga mguu chini, akapiga tena, kisha akatua. Nikasikia mlio mzuri wa kuni juu ya kitu kigumu.

Basi mwanangu, wewe unayetaka trela yenye chumba, nasaha yangu ni hii. Usiingie kwa mlango wa mbele. Anza nyuma, kwa yule atakayekulipia maisha. Inua mkeka, hata ukiwa mpya. Ukiwa mpya ndiyo uinue haraka zaidi. Angalia kama anapata hewa, kama kichwa chake hakigusi dari, kama gari lako lina nguvu ya kuvuta hiyo sinki na hayo makabati. Mlete farasi mwenyewe apande na kushuka. Kitanda kiwe cha mwisho, kwa sababu mtu aliyechoka hulala popote. Na ukiulizwa na mtu wako kama umeangalia nyuma, usimjibu kama nilivyojibu mimi. Nenda ukaangalie.

Mungu akupe wakwe wenye mizigo mizito, na waitue kabla hujalipa. Chochote utakachosimama juu yake kikubebe, wewe na wanyama wako na watakaokaa karibu nawe safarini. Na sakafu yako ilie vizuri siku watakapokuja.