Likizo ya Mashine Namba Kumi na Saba

Katika kiwanda cha sare za shule, namba ya mshahara haikuwa ya mtu bali ya mashine. Ukikabidhiwa cherehani unarithi na namba yake, pamoja na mafuta yaliyoganda kwenye kanyagio. Karani wa mishahara aliuona utaratibu huu kuwa nadhifu: watu huja na kuondoka, mashine zimefungwa sakafuni kwa skrubu.

Fundi wa kola alikuwa ameikalia namba kumi na saba miaka miwili. Kila mwezi alikatwa mchango wa bima ya uzazi, mwajiri akaongeza sehemu yake, na zote mbili zikafika kwenye mfuko wa bima bila kuchelewa hata siku moja. Mimba ilipotimiza miezi minane, alikwenda kuomba likizo yenye malipo. Mhudumu wa mfuko alibofya, akakunja uso.

"Dada, jina lako halimo humu. Namba hii ni ya mwanamume wa miaka sitini na mitatu."

"Kwa hiyo likizo ya uzazi ni yake?"

"Kwa mujibu wa kompyuta, ndiyo. Michango yake imetimia."

Mwanamume huyo ndiye fundi aliyestaafu akamwachia mashine. Kurekebisha kulihitaji sahihi yake na barua ya mwajiri, tena kabla ya kujifungua. Baada ya hapo ombi halipokelewi.

Mzee aliishi ghorofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa pambo. Fundi wa kola alipanda akitweta, akipumzika kila ghorofa. Mzee aliisoma fomu mara mbili.

"Mwanangu, hapa pa tarehe ya kujifungua niandike nini?"

"Andika haihusiki, baba."

"Mke wangu akiiona karatasi hii nimekwisha." Akatia sahihi.

Karani hakufurahi. "Tukianza na wewe, mashine zote arobaini zitataka majina."

"Mashine hazizai, kaka. Niandikie barua."

"Meneja ndiye wa kusaini, na yuko kikaoni mle ndani."

"Kikao kina mwisho."

Akavuta kiti hadi mlangoni pa meneja, akakaa na tumbo lake. Mlango ulizibika barabara. Karani akaandika barua, maana hakuwa na pa kupita kwenda kuomba ushauri. Saa tisa meneja akafungua, ana haraka ya kwenda msalani. Kikao, ilionekana, kilikuwa cha mtu mmoja na gazeti.

"Mama, nipishe tafadhali."

"Saini kwanza, bosi. Kuinuka kwangu siku hizi ni kazi ya dakika kumi."

Alisaini amesimama, mguu mmoja juu ya mwingine.

Alhamisi mhudumu alihamisha michango ya miezi ishirini na minne, akamsomea tarehe ya kuanza likizo: Jumatatu. Fundi wa kola akajigeuzia skrini, akaifuata mistari yote kwa kidole, taratibu, huku foleni ikiguna nyuma yake.

"Sasa nichapie," akasema. "Nakala mbili."