Pasaka Tuliyopanda Mlima na Shangazi Feza

Moshi wa kuni za mikaratusi haunipiti hivihivi. Juzi jirani yangu hapa mtaani Songo alikosa makaa, akawasha kuni uani kwake, na mimi niliyekuwa naanika nguo nikabaki nimesimama na shati mkononi, maji yakinidondokea miguuni. Kwa kitambo nilikuwa na miaka kumi tena, pua inavuja kwa baridi, niko juu kabisa ya milima hii ambayo nyinyi mnaopita Uvira kwa gari mnaiona kama ukuta tu nyuma ya mji. Ngojeni niwasimulie yaliyotupata huko.

Mama yangu alizaliwa kule juu, kwa wafugaji wa ng'ombe. Papa alimwoa akamteremsha hadi huku kwenye joto, mbu na ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Kila vakansi, shule zikifungwa, Mama alitupandisha, mimi na mdogo wangu Bahati, kwenda kwa Nyanya. Mwaka huo Bahati alikuwa na miaka sita, ilikuwa vakansi ya Pasaka, mvua zimeshika kweli, na kwa mara ya kwanza Shangazi Feza akasema naye anaenda.

Shangazi Feza alikuwa dada mkubwa wa Papa, akiishi nasi. Aliuza vikwembe sokoni, yaani vitenge vya kujifunga, mwanamke wa mjini hasa, mwenye mdomo mwepesi na mikono laini ya kusuka nywele. Nilimpenda sana. Lakini yeye na Mama hawakuwa wakipatana. Au niseme, Shangazi alicheka na Mama alinyamaza. Mama alizungumza Kiswahili polepole, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele, na kila jiwe lililomponyoka, Shangazi aliliokota mbele ya wageni.

"Mama Neema," angesema, "Kiswahili yako bado iko inapanda mulima!"

Wageni waliangua kicheko. Na mimi, Neema mwenyewe, nilicheka pamoja nao. Mungu anisamehe.

Mwaka huo malaria ilikuwa imemwandama Shangazi, na muuguzi akamshauri apate hewa ya baridi. Ndipo tukaondoka alfajiri watu wanne. Mama alivaa viatu vya plastiki, mzigo kichwani, fimbo mkononi. Shangazi alivaa sandali mpya zenye kifungo cha kung'aa, na mkoba begani, ndani yake kioo, poda na mafuta ya kujipaka. Hata saa haikuisha, alikuwa ameshaketi mara tatu.

Kadiri tulivyopanda, ndivyo ziwa lilivyozidi kupanuka chini yetu. Huku chini tunaliona kipande kipande, kati ya nyumba na nyumba. Kule juu likajifunua lote, buluu, limetulia, milima ya Burundi imesimama ng'ambo. Upande wa Sange mpunga ulikuwa kijani kibichi, na mto Ruzizi ukajipinda katikati ya tambarare kama uzi ulioanguka sakafuni. Tulipoingia kwenye ukungu Bahati aliuliza ni nani anapika huko juu moshi ukawa mwingi hivyo.

Lakini kilichonishangaza zaidi kila safari ni Mama. Tukishapita mashamba ya mihogo, mgongo wake ulinyooka. Alitembea bila kuangalia chini. Alivunja jani akatunusisha, akatuambia linatibu nini. Akimwona mtu kwenye mteremko wa ng'ambo, mdogo kama sisimizi, alimwita kwa lugha ya kwao, na yule mtu akajibu, wakaulizana habari za watu na ng'ombe juu ya bonde zima. Sauti ile haikuwahi kusikika nyumbani kwetu.

Mchana tukafika mtoni. Wakati wa kiangazi ni kijito cha kuchezea, maji meupe yanaruka mawe. Siku hiyo ulikuwa wa kahawia, unanguruma, na magogo tuliyozoea kuvukia hayapo. Yalikuwa yamekwenda na maji. Nyuma yetu nyumba ya karibu ilikuwa mbali sana, na mbele mawingu yalikuwa yameanza kuwa meusi.

Mama aliweka mzigo chini, akaketi kwenye jiwe, akatazama maji.

"Mama Neema, sasa ndiyo unapumzika?" Shangazi akauliza.

Mama alikuwa akitupa vijiti mtoni na kufuata vinakokwenda. Baadaye akatupeleka juu zaidi, mahali mto ulipotanuka na maji kupungua kina. Akaingia peke yake kwanza, mzigo kichwani, fimbo mbele, akipapasa kila hatua. Maji yalimfika mapajani. Akafika ng'ambo, akatua mzigo, akarudi. Akamfunga Bahati mgongoni, akavuka, akarudi. Akanishika mimi kifundo cha mkono, akanivusha. Nakumbuka baridi ile ilivyonikata pumzi, na kokoto zikikimbia chini ya nyayo. Kisha akamrudia Shangazi.

Walipofika katikati, Shangazi akatazama maji yanavyokwenda, na miguu ikamgoma. Sandali moja ikachomoka. Akapiga kelele, na sauti yake haikuwa ile ya sokoni.

"Minye nakufa! Mama Neema, usiniache!"

"Sikuachi," Mama akasema. "Weye angalia minye. Hapana maji, angalia minye. Tupa ile mukoba, nipe mukono yote mbili."

"Siwezi."

"Unaweza. Inua muguu ya kuume. Iko jiwe pale, kubwa, haitikisiki. Kanyaga. Sasa ingine."

Hivyo hivyo, jiwe kwa jiwe, kwa Kiswahili chake chote cha mlimani, bila kupandisha sauti. Hakuna aliyecheka. Mkoba uliondoka na mto kuelekea ziwani, na Bahati akaupungia mkono wa kwaheri. Shangazi alipofika ukingoni alianguka juu ya Mama, wakakaa wamekumbatiana kwenye tope. Mama akavua viatu vyake vya plastiki, akamvalisha. Yeye akapanda pekupeku hadi kwa Nyanya.

Siku kumi tulizokaa kule ningezisimulia hadi mchoke. Maziwa yenye harufu ya moshi, majani mafupi tuliyobiringika juu yake, ng'ombe wakitokea ndani ya ukungu pembe kwanza. Shangazi aliota moto wa mikaratusi, akala, akanenepa, akajifunza kusalimia kwa lugha ya Nyanya, vibaya kabisa. Nyanya alimsahihisha taratibu. Wakati wa kurudi, mvua zilikuwa zimetulia na wanaume wa kijiji wameweka magogo mapya.

Nyumbani Papa aliuliza, "Njia ilikuwa namna gani?"

Nikamtazama Mama. Nilikuwa nimeisubiri saa hiyo siku zote kumi.

"Njia ilikuwa muzuri," Mama akasema, akaingia jikoni.

Nilifungua mdomo niseme yote. Mama akanigeukia mlangoni na jicho lililonifunga. Shangazi alikuwa akichezea ukingo wa kikwembe chake. Nilikasirika. Nilidhani Mama amerudi kuwa yule wa mjini, anayemwogopa wifi yake.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wageni walijaa sebuleni. Mama akaleta chai, akasema neno, likatoka kombo. Wageni wakamgeukia Shangazi Feza, vinywa tayari.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Ile Kiswahili munataka kucheka," akasema, "ndiyo ilinitoa ndani ya maji." Akawaeleza yote: sandali, mkoba, kelele zake, viatu vya plastiki. Hakujificha popote. Mama alisimama na birika mkononi, macho chini, na toka siku ile hakuna aliyemcheka tena nyumbani kwetu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ushujaa wa Mama niliuona wote siku ile mtoni. Mpaka nilipoolewa, nami nikawa na wifi mwenye maneno, nikajua jinsi ilivyo vigumu kuwa na habari kama ile mdomoni na kuimeza. Ndipo nilipomuuliza kwa nini hakumwambia Papa.

Mama alishangaa kwamba bado nakumbuka.

"Ningesema minye, ingekuwa aibu yake," akasema. "Alisema yeye mwenyewe, ikakuwa heshima yake. Minye nilikuwa namungojea tu."