Mpiga Ngoma Aliyefia Makorora

Miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, kwetu Tanga mwanamke aliyekwenda sinema alikwenda kwa niaba ya nyumba nzima. Akirudi, kabla hajavua buibui, waliobaki walimzunguka awahadithie: nani kampenda nani, nani kafa, wimbo gani uliliza watu. Nyumbani kwetu Makorora kazi hiyo ilikuwa yangu, nami nilijidai nayo kweli.

Mwaka huo dada yangu mkubwa alikuwa akikaa eda. Mumewe, mchukuzi wa bandarini, aliugua homa siku tatu tu akatutoka. Dada hakulia. Alikaa chumbani na nguo zake nyeupe, akila akiambiwa ale, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba hakumpenda. Nilikuwa nikilala naye chumba kimoja na nilijua hapati usingizi. Niliogopa atatupotea hivyo hivyo, amekaa.

Ikaja sinema ya bendi maarufu ya rock, wale ambao santuri zao zilipigwa mikahawani kutwa. Onyesho la wanawake lilikuwa alasiri. Dada akafungua kinywa: "Nenda, mdogo wangu, uje unihadithie." Nilitoka mbio.

Tulizoea sinema za Kihindi, ambazo wimbo ukianza ujue kuna mtu ana jambo moyoni. Basi tukakaa na leso zetu mkononi tukingoja. Wazungu wakaimba, wakaruka, mmoja akalilalia gita lake lililomzidi kimo. Kiingereza hatukijui. Ukaja wimbo wa pili, wa tano, wa nane, wala hapakuwa na mama wala machozi. Mwanamke mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti, "Jamani, kafiwa nani humu?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Leso zilirudi kavu.

Dada alikuwa ameketi kitandani akiningoja. Kumwambia hapakuwa na hadithi sikuweza. Nikamwambia mpiga ngoma wao alikufa.

"Kafa? Kwa nini?"

"Homa. Kabla ya wimbo wa mwisho."

"Na wenziwe?"

"Walipiga bila yeye. Watu walikuwa wameshajaa ukumbini."

Akanitazama. "Na mkewe je?"

"Alikuwa kiti cha mbele. Alilia mpaka wapigaji wakanyamaza."

Dada akageukia ukutani, akalia kilio kilichomleta mama mbio. Nilisimama mlangoni nikijisifu moyoni. Nilidhani nimemponya.

Eda ilipokwisha, sinema ile ikarudishwa mjini. Dada akasema lazima aione. Nilimwambia nimeiona, inachosha, kichwa kinaniuma. Hakunisikiliza. Akajifunga buibui lake jipya, tukaenda wawili.

Nyimbo zile zote nilizikalia kama mtu aliye juu ya makaa. Wimbo wa mwisho ukaanza, na yule mpiga ngoma akatokea, mzima, jasho likimtiririka, anacheka meno yote nje. Dada alinishika kifundo cha mkono. Hakukiachia mpaka taa zilipowaka.

Njiani nikamwambia, "Nisamehe, dada. Nilitunga."

"Sikukasirika," akasema. "Nilipomwona nilifurahi, wallahi. Nilijua mkewe halii tena."

Nikashusha pumzi. Nilidhani yamekwisha. Tulipofika kona ya nyumbani, akasimama.

"Mpiga ngoma wako umemfufua," akasema. "Basi na mume wangu nihadithie."

Macho yake yalikuwa makavu kabisa, na alikuwa akinitazama kama siku zile nilipoingia na buibui mwilini. Alikuwa akingoja. Nami, niliyekuwa na la kusema kwa kila sinema iliyofika Tanga, nilimtazama dada yangu nikakosa hata neno la kuanzia.