Muziki wa Jirani Kwenye Semina ya Sinza

Baraza letu la kata lilipopewa nafasi mbili za kwenda kujifunza usuluhishi, ya kwanza ilikwenda kwa mwenyekiti bila mjadala. Ya pili nilipewa mie, kwa sababu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na shule zilikuwa zimefungwa. Mwenyekiti wetu alikuwa mzee wa Kizaramo aliyestaafu kazi ya bandarini, mtu wa kanzu na kofia ya viua. Nilimwita baba. Yeye aliniita mwalimu, ingawa nilikuwa rika la kitinda mimba wake.

Semina ilikuwa Sinza. Miaka ile, mwanzoni mwa tisini, kila kitu kilikuwa ruksa, na Sinza ilikuwa inachanua. Kuta za nyumba zilikuwa zinatobolewa madirisha ya maduka, na nyumba iliyokuwa ya familia ukiipita mwezi unaofuata unakuta imeandikwa gesti. Sie tuliotoka Tandika tulikuwa kama tumesafiri. Nilivaa gauni la mtumba nililolipunguza mwenyewe kiunoni, na viatu vya kuchuchumia ambavyo hadi saa nne vilikuwa vimenitoa malengelenge.

Ukumbi wenyewe ulikuwa nyuma ya gesti moja mpya, bado unanuka rangi. Mkufunzi wetu alikuwa mwanasheria, mama wa Kihaya mwenye miwani mikubwa na sauti ndogo, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alibandika karatasi kubwa ukutani na kuandika maneno mawili, "msimamo" na "haja". Akatuambia mtu anapogombana hukutolea msimamo wake, lakini haja yake huificha chini, na kazi ya msuluhishi ni kuichimba. Nilipenda sana. Nilikuwa naandika kila neno.

Hapo ndipo muziki ulipoanza.

Ulitoka kwenye baa iliyopakana na gesti, ukuta kwa ukuta. Ulikuwa muziki wa dansi, magitaa yakilia kama yako mezani kwetu, na vioo vya madirisha vikatetemeka. Mkufunzi akapandisha sauti, ikakatika. Akasogea katikati ya ukumbi, haikusaidia. Mwishowe alimwita mwenye gesti, bwana mmoja mnene, mkarimu sana kwa wateja wake.

"Kwa hilo mtanisamehe," alisema bwana yule. "Mie na yule mama wa baa hatusemezani."

Siku ya pili muziki ulianza mapema zaidi. Kijana mmoja, karani kutoka kata ya huko Kinondoni, alisimama akasema twende polisi tukamalize mambo. Wengine wakampigia makofi. Mwenyekiti wetu akanyoosha mkono taratibu, kama wanafunzi wangu.

"Samahani, mama mkufunzi," alisema. "Hivi hapa tumekuja kujifunza nini?"

Ukumbi mzima tukaangua kicheko, na yule karani alicheka kuliko wote. Mkufunzi alivua miwani akaipangusa. "Haya," alisema, "mzee na mwalimu, nendeni. Sie tunawasubiri."

Tulipofika mlangoni pa baa mwenyekiti alisimama. "Mwalimu, mie tangu nizaliwe sijakanyaga kilabuni. Ingia wewe. Mie nitakaa hapa nje." Akaketi kwenye benchi la mbao, akaikunja kanzu yake vizuri magotini.

Nikaingia peke yangu, mapigo ya moyo yanashindana na ngoma. Mwenye baa alikuwa kaunta, mama wa Kichaga aliyejifunga kitenge juu ya gauni, anapanga sahani. Nikamwamkia. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima kichwani, lakini kwa kelele zile nikaishia kupiga ukelele, "Mama, kuna mzee nje anaomba kukuona!"

Alichungulia. Alipoona kanzu na kofia, alipunguza muziki mwenyewe bila kuombwa, akatoka huku akijifuta mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

Wakaulizana habari za kazi, za watoto, za nyumbani, za mvua. Mie nimesimama pembeni na malengelenge yangu, nasubiri suala lianze. Mwenyekiti hakuwa na haraka. Ndipo akasema, "Tuko hapo kwa jirani yako, mie na mwalimu huyu, tunasoma. Muziki wako mzuri, ila mkufunzi wetu ana sauti ndogo."

Mama akacheka. Kisha akaeleza. Asubuhi hauzi bia, anauza supu. Wateja wake ni vijana wa viwanda vya Mikocheni wanaotoka zamu ya usiku. Wakisikia muziki kutoka barabarani wanajua supu imeiva, wasiposikia wanapitiliza. Nikakumbuka karatasi ya ukutani, nikajiona nimeiona haja kwa macho yangu.

"Basi hata ukipunguza kidogo..." nilianza.

"Kupunguza ningepunguza," alisema, na uso ukabadilika. "Lakini kwa ajili ya yule? Mwalimu, yule bwana alikuja hapa akajenga ukuta, akaezeka, akafungua biashara. Mie nipo hapa, ananiona. Hata siku moja hakupiga hodi akasema jirani, nimekuja. Mie si mtu?"

Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa huzuni kabisa, kama kwamba ni yeye aliyetendewa. "Hilo ni kosa," alisema. "Hilo si la muziki."

Tulirudi ukumbini tukaeleza. Mkufunzi akamwita mwenye gesti na kumketisha mbele yetu, akasema semina ndiyo hii, suluhisheni. Tulivurunda vibaya. Karani wa Kinondoni alimhoji kama yuko mahakamani. Mie nikamsomea kutoka kwenye daftari. Bwana yule alikasirika, akasema yeye amejenga kwa kibali na ardhi ni yake, hodi ya nini? Akainuka aondoke.

Mwenyekiti naye akainuka. "Wewe mtu wa wapi, bwana?"

"Mwanza."

"Kwenu ukihamia mtaani huendi kuwaona majirani?"

"Tunawaona."

"Ulimwona?"

Bwana yule aliketi tena. Baadaye, kwa sauti ya chini sana, alisema kwamba alipofungua alikuwa ametoka kumzika mkewe, ambaye walikuwa wamepanga kuiendesha gesti pamoja, na hakuwa na uso wa kwenda kwa mtu. Hakuna aliyeandika chochote. Mkufunzi alitazama chini.

Mwenyekiti alimshika mkono wakatoka. Sie wote tukafuata kwa nyuma, kundi zima la wasuluhishi, hadi mtaa ukageuka kututazama. Kwenye mlango wa baa bwana yule alisema hodi. Mama alikuwa anatuona wazi, lakini alichelewa kujibu. Aliendelea kufuta kaunta upande mmoja, akahamia upande wa pili. Nikasema moyoni tumekwama.

"Karibu," alisema hatimaye. "Nilisikia msiba wako, jirani. Nikangoja hodi, nami nikashindwa kuja. Pole."

Tangu asubuhi iliyofuata muziki ulipigwa kwa sauti ya chini hadi tulipomaliza vipindi, na mwenye gesti akawa anawaelekeza wageni wake wakanywe supu kule. Sie tuliinywa saa ya mapumziko. Mwenyekiti aliuliza kwanza nani kachinja, na mama akamhakikishia kwamba mchinjaji ni Mwislamu na mpishi ni binti wa Kitanga anayefunga Ramadhani kuliko yeye mzee. Akaletewa bakuli lake pale pale kwenye benchi, na ndimu mbili.

Siku ya mwisho, tulipokwisha gawiwa vyeti, mama aliuachia muziki wote. Tulicheza uani kwa gesti, mkufunzi akiwa pekupeku. Mwenyekiti hakucheza. Alikaa karibu na mlango akishangaa jinsi karani wa Kinondoni alivyokuwa na kiuno chepesi.

Baadaye nilihudhuria mikutano mingi ya usuluhishi, mingine kwenye hoteli zenye viyoyozi na mabegi ya bure yenye maandishi. Nilijifunza mengi, na watu wake walikuwa wema. Ila siku ile ya Sinza ndiyo inayonijia nikiwa nachambua mchele, sijui kwa nini, na mara huwa nacheka peke yangu.

Niliwahi kupita pale baada ya mwaka hivi, nikakuta jirani wale wawili wamesimama mbele ya milango yao wakifokeana kwa ajili ya takataka, kila mmoja akinyoosha kidole kwenye lundo. Nikasimama mbali kidogo kuwasikiliza. Mama akaniona, akanitambua. "Mwalimu, njoo umsikie huyu!" aliita, na yule bwana akaingia ndani kunitolea kiti.